Pahali pa Kumpeleka Shiro

Jumapili hiyo upepo wa Kitengela ulikuwa mkali, na malori ya Namanga yalimwaga vumbi hadi ndani ya vikombe. Kwenye benchi la Muthoki, muuza kahawa, waheshimiwa walikuwa wameshaketi: Gakuru, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio, Wachira, aitwaye Balozi kwa kuwa aliwahi kulala Namanga, mpakani, na mzee Parsaoti, ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jina la utani. Muturi akafika akihema. Mkewe, Shiro, alikuwa ameacha kucheka tangu ajifungue. Siku hiyo alikuwa amevaa nguo za kutoka tangu asubuhi, akamwambia atafute pahali pa kuwapeleka yeye na mtoto, la sivyo kesho anarudi kwa mamake kule Embulbul. Muturi alimjua Shiro. Aliogopa.

— Pahali ya mama na mtoto wa miezi mitatu, wazee. Nisaidieni.

— Hiyo ni kitu ndogo, Injinia akasema. Wapeleke kwa bouncing castle.

— Mtoto hata kukaa hajui!

— Ataangalia wenzake wakiruka.

— Injinia, juzi tulijaribu hoteli ya nyama choma. Muziki ikamshtua mtoto, akalia mpaka tukafungiwa nyama kwa gazeti. Shiro alimnyonyeshea chooni. Chooni, wazee!

Benchi lilisikitika kidogo, kisha likaendelea na kazi yake.

— Basi Magadi, Balozi akasema. Maji inatoka chini ikiwa moto. Hata ya kuogesha mtoto hauchemshi.

— Na ile jua? Unataka kukaanga mtoto wa wenyewe? Parsaoti akamkemea. Kijana, nenda Kisaju muangalie ng'ombe. Mtoto akisikia ng'ombe, ananyamaza.

— Mzee wangu, Shiro anaogopa ng'ombe.

— Huyo ulimtoa wapi?

— Matanga! Injinia akaruka. Tafuta matanga ya watu hamjui. Tenti iko, chakula iko, wamama wa kubeba mtoto wamejaa. Na Shiro akilia, hakuna mtu atamuuliza ni nini.

Wote walicheka isipokuwa Muturi. Kati ya yote aliyoambiwa, hilo ndilo lililokaribia kufaa.

Pembeni alikuwa ameketi Mwololo, mpangaji aliyehamia mtaani wiki hiyo, akinywa kahawa yake ya kwanza hapo.

— Samahani, wazee, alisema kwa adabu. Nyinyi wenyewe, watoto wenu wakiwa wadogo hivyo, mama zao mlikuwa mnawapeleka wapi?

Injinia alichungulia kikombe chake. Balozi akageukia barabara.

— Kliniki, Parsaoti akasema mwishowe. Na mama watoto alikuwa anaenda peke yake.

Simu ya Muturi ikalia. Ujumbe wa Shiro: “Usijisumbue. Nimeshavaa nguo za kushinda nyumbani.”

Aliusoma mara mbili. Nyumbani hakukuwa mbali. Akamnyooshea Muthoki kikombe, akaomba kahawa nyingine.