Mama Kafeli kwa Kusimama

Fundi Cherehani alifika kwenye benchi la kona, kando ya banda la Kinyozi, barua mkononi na sindano bado imechomekwa kwenye kola. Mama yake alipigwa na kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia haushiki kitu, na mara mbili amekutwa ameanguka msalani. Fundi aliwaomba watu wa ustawi wa jamii wampatie mhudumu wa mchana ili yeye apate kushona. Leo wamejibu. Akaiweka kahawa yake kando, akaifungua barua.

KINYOZI: Soma basi.

FUNDI: "Mwombaji hajakidhi vigezo. Anajimudu."

KINYOZI: Anajimudu? Mama yupi?

FUNDI: Huyo huyo wangu. Afisa kubisha hodi tu, mama huyo kasimama! "Karibu mwanangu, mimi mzima kama chuma. Nikupikie chai?" Afisa akaandika: anapika.

KINYOZI: Ndiyo ile, mgeni njoo mwenyeji apone.

Karani Mstaafu, aliyezeekea masjala, akakohoa.

KARANI: Fomu uliijaza siku ngapi?

FUNDI: Moja.

KARANI: Umeharibu. Haba na haba hujaza fomu. Na wino?

FUNDI: Wa bluu.

KARANI: Lo! Bluu ni ya wazima.

KINYOZI: Wino si kitu. Wanaangalia nywele. Ukikutwa umechanwa, huna shida. Nani alimchana?

FUNDI: Mimi.

Alimchana asubuhi ile kwa heshima ya mgeni.

KARANI: Kata rufaa. Wakija tena, mama alale chini.

KINYOZI: Na wewe ulale pembeni! Wakikuta wawili chini, wanatoa mhudumu mmoja na nusu.

KARANI: Nusu ipi?

Wakaanza kubishania nusu. Fundi hakujua tena kama mama yake anaumwa kidogo mno au anajitahidi kupita kiasi.

Hapo akafika mwanamke amebeba gauni la kupunguzwa.

MTEJA: Fundi, nimekuta umefunga. Samahani, nimewasikia. Huyo mama, saa hizi yuko na nani?

Kinyozi akamtazama Karani. Karani akatazama kikombe chake. Fundi akainuka, akatimua mbio kwenda nyumbani.

Alimkuta mama yake jikoni, sakafuni, sufuria imepinduka karibu na mguu. Hakuwa ameumia.

"Mama! Umeanguka?"

"Nani kaanguka?" Mama akajiweka sawa nguo kwa mkono wa kushoto. "Nimekaa tu."