Rula Yangu na Vyungu vya Dorca

Andikeni kwanza tarehe, maana neno lisilo na tarehe hupotea: ni Aprili, mwaka wa 2025, mvua imenyesha Katito siku nne mfululizo, na kifua changu kimejaa maji kama bonde la Nyando. Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi iliyobaki nimekwisha kuipigia hesabu.

Nyumba ni ya Winny. Ng'ombe watano ni wa Zadock. Limebaki shamba la udongo wa kufinyangia kule kijitoni, ambalo wewe, Zadock, umeniletea karatasi nitie sahihi, ulikodishe kwa wabunifu wapya kutoka mjini. Sitii. Nanyi mjue sababu.

Miaka sita iliyopita, mbunifu aitwaye Gordon alifungua warsha hapa na mama yenu Dorca na wafinyanzi wenzake. "Tunashirikiana, Mzee," aliniambia. "Nyinyi mna mikono, sisi tuna macho." Mimi, mpima ardhi mstaafu mwenye digrii, niliyeona haya miaka yote kwamba mke wangu hupima chungu kwa kiganja, nikafurahi kukabidhiwa rula. Kanuni ilikuwa moja: chungu kilichozidi au kupungua kipimo cha mchoro wa Gordon kwa milimita tano kivunjwe, kisifike sokoni kikatuharibia jina. Hapa kwetu chungu kilichopinda hunyweshewa kuku. Hakuna aliyewahi kukivunja makusudi. Mimi nilivunja, kila Ijumaa, kwa nyundo, mbele ya waliovifinyanga, vingine kabla havijapoa.

"Baba Zadock," mama yenu aliniambia siku moja, wanawake wote wakiangua kicheko, "ungepimwa wewe kwa hiyo rula, saa hizi ungekuwa vigae!"

Sikucheka. Nikapima kilichofuata, kilikuwa chake, kimezidi milimita sita, nikakipiga nyundo. Akajipangusa mikono kwa leso, akaondoka, na tangu siku ile hajagusa udongo. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakabaki watatu. Gordon alipokosa mikono alifunga mizigo, akaenda na michoro. Ananichukiza, naam, lakini si kama ninavyojichukiza mwenyewe, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni; hawakusema mumewe ndiye atakayemvunjia chungu.

Basi shamba la udongo ni la Dorca na wenzake, kwa hati, si la mwanangu yeyote. Mbunifu akija, na aje. Ila aketi chini, mikono yake iingie udongoni msimu mzima kabla kalamu haijagusa karatasi, na neno la mwisho juu ya chungu liwe la aliyekifinyanga. Zadock, usinikunjie uso. Zichane karatasi zako. Hapa hapa, nisikie.

Vema... Nipe maji, Winny. Mungu awape mikono isiyodharau... mikono ya wengine, awalinde, msigombane. Mwiteni mama yenu... la, mwacheni apumzike. Mwambieni tu nilikuwa nikiandika kila Ijumaa, na jana... nimejumlisha. Andika, mwanangu. Nilivyovunja... vyungu mia nne na kumi na viwili.