Tairi la Spea Lisikae Mlangoni

Sogeeni, wanangu, sogeeni kitandani mnisikie, na wewe kitinda mimba panda ukae miguuni kwangu, hakuna atakayekufukuza, nesi kaniruhusu mpaka wale wa machela waje, sindano ya kwanza nimeshachomwa na wamesema nitaanza kusikia kichwa chepesi, kwa hiyo nasema upesi upesi, anayetaka kulia alie baadaye. Na wewe shemeji, baba yao mkubwa, usitoke. Nimekuona unapapasa simu mfukoni. Kaa hapo kwenye kiti, ukae kabisa, maneno yangu mengi ni yako.

Naogopa. Siwafichi wanangu. Wosia ni wa waliokula chumvi nyingi, mimi sijaota hata mvi moja, lakini kifo hakiulizi umri, na daktari kasema watanipasua kifua wautoe uvimbe ulio karibu na moyo, wengi huamka, wengine hawaamki, kasema hivyo huku anaandika, hata kichwa hakuinua. Basi nisikilizeni, asije mtu kesho akasema mama hakusema.

Nianze na vilivyo vyangu. Uwanja wa karakana ni wangu, aliniachia baba yangu mzazi, fundi wa kuchomelea, mtaa mzima unajua, hata shemeji anajua ingawa husema “karakana yangu” kwa sauti ya mtu aliyenunua. Uwanja ule na mashine ya kuchomelea ni vya wanangu wawili, sawa kwa sawa, na wa kike asipunjwe kwa sababu eti ataolewa, kwani aliyeolewa hali? Baba yenu awashikie mpaka mkue. Nguo zangu apewe mdogo wangu, na zile nzuri azivae, asizifungie sandukuni zikaliwa na mende. Mali yangu ndiyo hiyo, imeisha.

Sasa trela.

Wanangu, ninyi mmezaliwa kwenye cheche, mnajua kazi yetu: tunaunda matrela ya kulala, yale ya kufunga nyuma ya gari yaende kusiko na barabara, ndani vitanda, jiko, tangi la maji, wanayataka wapima ardhi, wachimba visima kama baba yenu, watu wa chanjo. Na babu yenu aliacha desturi moja pale, kwamba trela halitoki getini mpaka aliyelichomelea alipakie mzigo wote, alipeleke kwenye tope la machimbo ya zamani, atoe upepo tairi moja, kisha abadilishe tairi hilo peke yake, asisaidiwe na mtu. Watu walikuwa wanakuja kuangalia na kucheka, “fundi leo anaoga udongo,” lakini hapo ndipo unapojua spea ikae wapi. Ukiifunga chini ya tumbo, trela likizama utaichimbua kwa kucha kama kiazi. Ukiipandisha kwenye paa, siku ya kuishusha itakushukia kichwani. Ukiitundika nyuma, mkia unakuwa mzito, pua inanyanyuka, na kwenye changarawe trela linaanza kutikisa makalio, gari lililokuwa linavuta sasa linavutwa. Mahali pake ni mbele, juu ya ule ulimi wa chuma unaoshikana na gari, isimame wima iegemee sanduku, iache nafasi ya kufungua mlango wa nyuma wa gari, na isipande kupita kiuno cha aliye mfupi kati ya watakaoishusha safarini.

Shemeji atasema, maana alishasema, “Ukiweka mbele utaulemea ulimi, gari litachuchumaa.” Ni kweli, neno la kweli silikatai hata likitoka kwako. Ndiyo maana tukasema tangi la maji lirudi nyuma kidogo, likae juu ya ekseli, pale penye magurudumu, uzito uwe katikati. Tulikubaliana! Ulitikisa kichwa, baba yao akachora kwa chaki sakafuni, tukanywa chai tukamaliza.

Nikalazwa. Nimelala hapa navuta pumzi kwa kubembeleza, mwanangu huyu mkubwa kaja kuniona Jumapili, kafurahi, ananiambia, “Mama, baba mkubwa katuwekea spea mlangoni, nzuri, ina koti jeusi.” Mlangoni! Kwenye trela letu wenyewe, ambalo Jumamosi hii wanangu wanaondoka nalo na baba yao kwenda kuishi porini kwenye visima, kwa sababu mama yao hayupo wa kubaki nao! Mkono wa chuma unaoibeba spea umekatiza mlango, umeshikwa na bawaba upande mmoja, komeo upande wa pili, tairi katikati, na mlango ndio huo huo mmoja, wa nyuma. Kutoka ni mpaka mtu wa nje afungue komeo, auzungushe mkono na tairi lake. Dirisha mnalijua, paka akipita ameshukuru.

Nikakupigia simu, shemeji, unakumbuka ulivyonijibu? “Pumzika, shemeji, pigana na ugonjwa, chuma tuachie wanaume.” Nikasema watoto watatokaje? Ukacheka. Ukasema, sikuongezei hata neno, “Ndiyo uzuri wake huo, baba yao akienda kwenye mtambo alfajiri anafunga tairi, hawazururi, mwizi haingii.” Hawazururi! Ni mbuzi? Jiko la gesi limo humo humo ndani, mtoto akigusa pasipoguswa, atamwita nani, na mtambo unanguruma hata radi haisikiki?

Na usiseme hukujua. Yule mama wa chanjo, mteja wetu, ulimfungia spea hivyo hivyo, upepo ukausukuma mkono, komeo likajifunga lenyewe naye yuko ndani, tope likakaukia ndani ya komeo. Alikaa mle mpaka mchunga ng'ombe alipopita. Alikuja karakana kucha zimevunjika, hakutukana, alikuonyesha tu lile komeo, nawe ukampa nini? Kopo la grisi. “Paka hapa, mama, litateleza.” Ukamsindikiza mpaka getini unampungia! Mimi niliona aibu mpaka nikajificha nyuma ya mapipa, na wewe jioni unasifia koti la tairi, eti wanaofuata nyuma wanasoma jina letu. Aisifuye mvua imemnyea, shemeji. Wewe hujafungiwa humo hata kwa muda wa kuchemsha yai. Tena lile la yule mama hukulipeleka machimboni, ulisema desturi za marehemu zinachelewesha wateja.

Baba watoto, umeinamia nini? Nakupenda, unajua, lakini umeniudhi kuliko yeye. Yeye hakusikia, wewe ulisikia ukanyamaza, kwa sababu mkubwa haambiwi. Nani kasema? Kaka yako ni mkubwa kwako mpaka kwenye kizingiti cha mahali wanangu wanapolala, hapo ukubwa wake unavua viatu. Mkosane, mtapatana, ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Lakini mtoto hapatanishwi akishakwenda.

Subirini… ulimi unakuwa mzito. Nipe maji. Daktari kakataza, ee, nimesahau. Nilowanishie midomo tu.

Nasema, na nesi pale ni shahidi wangu. Trela lile halitoki getini Jumamosi wala siku nyingine yoyote mpaka spea imekwenda mbele na tangi limerudi juu ya ekseli, na ule mkono wa nyuma ukatwe, usiachwe hata kipande cha kutundikia taulo. Mlango uwekewe komeo linalofunguka kwa ndani, kwa kidole cha mtoto. Wewe kifungua mimba wangu uingie ndani na mdogo wako, mfungiwe, utoke mwenyewe. Usipotoka, safari hakuna, kisima kisubiri, maji yako chini tangu dunia iumbwe hayakimbii. Halafu uishushe spea ile, uisimamishe, uiviringishe mpaka kwenye ekseli, baba asikupe mkono. Si kwamba nakutesa, mama. Ni kwamba nisipokuwepo… utakuwa wewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Msilipizane kwa ajili yangu. Shemeji, nimekusema mbele ya watoto na sitaomba radhi, sina muda huo, ila sikuchukii. Hukumuua mtu. Nataka ibaki hivyo hivyo, usije ukamuua wa kwanza akawa wangu.

Unasimama? Unakwenda wapi? Sema kwa sauti, masikio yanavuma.

Sasa hivi? Eti unakwenda kuukata sasa hivi.

Haya. Haya, shemeji. Ufunguo wa kabati la karakana uko kwa baba yao, grinda imo chini, jiwe limeisha ubadilishe. Na ondoa tangi kwanza… lina maji… usikate chuma kizito kabla hujakiegemeza. Unajua. Najua unajua.

Mwanangu, nenda naye. Usinishike mkono, utanishika baadaye, nenda na baba mkubwa, usimame mbali na cheche, uangalie. Kiuno chako ndicho kipimo, mwambie akupime, asikisie. Usiniangalie hivyo. Mdogo wako atakaa na mimi hapa, yeye hajui kupima.

Mungu awaweke. Popote mtakapolala awape usingizi mzito, na asubuhi nyepesi. Mkaribishe wageni, mle na wenzenu, msiwe wachoyo wa maji huko porini… mpendane… wewe umtoe mdogo wako kwanza. Kila mara. Yeye kwanza, halafu wewe.

Wamekuja, nasikia machela. Nenda, mama. Kabla hajaanza kukata bila wewe.