Taa ya Kijani ya Matangi

Mwenye mtoto kiwandani asisinzie ndani ya basi la kazi, asikilize. Mama Kapinga wa Kikula alikuwa ndani ya basi hilo, anampelekea mwanawe Mukendi chakula kiwandani. Mbele yake walikaa mafundi wawili wa ordinateri, yaani kompyuta, ya kiwanda, Kabwe wa programu ya taa za matangi na Ilunga wa programu kubwa, na walikuwa wanagombana.

“Citoyen, mulibadilisha programu kubwa, ile inasemeshaka vyombo, na hamukutuambia,” alisema Kabwe. “Zamani programu yetu ilikuwa inauliza gesi ya sumu iko ngapi mu tanki, inajibiwa. Sasa jibu munaliweka pahali pengine. Yetu inaenda pa zamani, inakuta zero, inazani gesi hakuna, inawasha taa ya kijani!”

Ilunga akacheka. “Kosa ni ya programu yenu. Muandike ingine. Yetu iko muzuri sana.”

“Muzuri gani? Ya zamani ilikuwa inatumika!”

Kila mmoja alijiona ana haki, gesi haikuulizwa.

Mama Kapinga akamshika Ilunga bega. “Baba, mutoto yangu anaingiaka kusafisha tanki kama taa iko kijani. Asubui hii njo zamu yake. Aingie?”

“Aingie, mama,” akasema Ilunga.

“Asiingie!” akasema Kabwe.

Basi likasimama langoni. Mafundi walishuka wakiendelea kubishana. Mama Kapinga aliwapita wote wawili, viatu mkononi, akikimbilia kwenye matangi huku akiita jina la Mukendi.