Bibi Giligilani Hajapita

Nje ya soko la mji wa Manizales, kwenye mlango wa wauza viazi, lipo benchi ambalo wazee watatu wamelikalia muda mrefu kuliko walivyowahi kukalia kiti chochote cha kazi. Hermógenes, mwalimu mstaafu, wanamwita Profesa. Libardo wanamwita Redio, maana hazimiki. Wa tatu ni bwana Anselmo, Nusu Kilo. Bintiye humletea chakula cha mwezi mzima, naye humgawia jirani, ili kesho apate sababu ya kurudi sokoni kununua nyanya mbili. Alhamisi hiyo kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Bibi Giligilani, kama walivyombatiza wenyewe, aliyepita pale na kikapu chake kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, alikuwa hajaonekana tangu Jumatatu.

— Nusu Kilo, kunywa kahawa, Redio alisema. Hiyo si dawa ya kuchua.

— Nakunywa.

— Unakunywa barabara kwa macho, wewe. Kahawa iko kwenye kikombe.

Anselmo akadai anahesabu mabasi tu. Hakuna aliyemwamini.

— Ameolewa huyo, Profesa alisema. Chema chajiuza.

— Na miaka themanini? Redio aliuliza.

— Bei ilikuwa juu.

Redio hakukubali. Kwa maoni yake bibi kaenda shamba, kwani wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe, na leo ndiyo ya tatu. Profesa akamkumbusha kwamba methali hiyo ni ya mgeni. Redio akajibu kwamba huko shamba naye ni mgeni. Kisha akapata wazo kubwa zaidi: lazima bibi ana watoto Hispania, nao wamemnunulia friji, ili aende sokoni mara moja kwa mwezi. Friji limeziba mlango wa jiko, na bibi yuko ndani anamsubiri fundi.

Anselmo hakucheka. Alikuwa na hofu, na aliionea haya hofu yenyewe, kwa sababu yule mama hajawahi kumwambia zaidi ya "habari za asubuhi" na "leo viazi vizuri".

— Angekuwa anaumwa tungejua, alisema. Sisi si tunamjua?

— Nje ndani, Redio alisema. Ijumaa kichwa cha samaki. Karoti hagusi. Maharage anachagua moja moja, kama anachumbia.

Hapo akatoka Yurani, mkwe wa muuza viazi, aliyeanza kazi juzi tu. Alikuwa na mfuko mkononi.

— Shikamooni wazee. Mama mkwe anamwekea yule bibi viazi vyake siku ya tatu hii, vitaanza kuota. Nataka nimpelekee nyumbani. Anaitwa nani, na anakaa wapi?

Profesa akaivua kofia, akaitazama ndani. Redio akamgeukia muuza kahawa. Muuza kahawa, aliyekuwa anamimina, akaacha kumimina.

Anselmo akasimama, akauchukua mfuko. Akapanda, akipumzika mara mbili njiani, kile kilima ambako kila siku humwona bibi akipotelea, mpaka akafika mlango wa kwanza na kubisha. Mwanamke mmoja akachungulia.

— Samahani, mwanangu, namtafuta mama mmoja, Anselmo alisema. Hununua viazi vitatu kwa siku, na giligilani huinusa kwanza, huku amefumba macho.