Sikujua Mfumo Wetu Unaishia Wapi

Amani iwe nanyi, ndugu zangu. Wengi mnaniona hapa kanisani Umoja kila Jumapili na hamjui kazi yangu. Natunza mfumo wa kompyuta wa hospitali ndogo kule mtaa wa Fedha. Aliyeujenga ni mwenzangu mmoja, mtu mpole, akafariki ghafla bila kuacha maelezo yoyote. Nikarithi kitu nilichokijua kwa ndani tu. Huko nje kilikuwa kimeunganishwa na nani, sikujua.

Asubuhi moja majibu ya maabara yakaacha kuingia. Vipimo vikubwa tulivipeleka maabara ya nje, na majibu yalirudi yenyewe kwenye kompyuta ya daktari. Nikachambua programu yetu, sikuona kosa. Nikawapigia watu wa maabara.

"Sisi tumetuma, madam. Angalia upande wenu."

Nikaangalia tena. Hakuna kitu. Daktari akaomba asomewe kwa simu, wakakataa, wakasema ni siri ya mgonjwa. Tukatuma dereva, akaambiwa majibu hupitia kwa mfumo tu.

Na wodini kulikuwa na mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Daktari alikuwa akimpa dawa kwa kukisia. Mama yake alinisubiri kwenye korido.

"Dada, yamefika?"

"Bado, mama."

"Kwani shida ni nini?"

Ndugu zangu, nikarudi tu kwenye kompyuta. Mkuu wangu akaniambia mbele ya watu, "Mfumo ni wako, utengeneze." Nitengeneze nini, na kwetu hakuna kilichoharibika? Nikaanza kuiacha simu ilie bila kuishika. Mwishowe nikashindwa hata kuvaa viatu. Nililala nikiangalia ukuta, mume wangu akiwalisha watoto.

Ni yeye aliyemwita rafiki wa yule marehemu, mzee wa mtaa wa Ziwani aliyefanya kazi hizi miaka mingi. Akaketi sebuleni kwetu, akaniuliza polepole, "Mfumo wenu unaishia wapi?"

"Sijui."

"Basi tuanzie hapo."

Tukapigia kila mtu tuliyemjua huko nje. Mnatutumia nini? Kinapitia wapi? Kikikwama, nani anashika simu? Fundi mmoja wa maabara akasema, "Lakini sisi hatuwatumii nyinyi moja kwa moja. Kuna kampuni ya katikati."

Sikuwahi kuisikia. Tukaipigia, simu haipatikani. Tukaulizia, kumbe ilikuwa imefunga biashara, na majibu yetu yalikuwa yakiishia huko.

Maabara waliposikia hivyo, wakachapisha majibu siku hiyo hiyo, wakampa dereva wetu. Dawa ikabadilishwa. Mtoto alitoka hospitali akiwa hai, lakini sikio moja halisikii. Kama ni kwa sababu ya kule kusubiri, daktari hawezi kusema. Mimi pia siwezi. Mama yake nikikutana naye sokoni hunisalimia vizuri, na mpaka leo sijui nimwambie nini.

Namshukuru mume wangu. Namshukuru yule mzee. Nawashukuru nyinyi mlioketi nami bila kuniambia nijikaze.

Ninalowaachia ni hili. Kama kazi yako inategemea mikono ya watu usiowaona, watafute sasa, mambo yakiwa mazuri. Jua kazi yako inaishia wapi na ya mwingine inaanzia wapi, uandike kwa maneno ambayo atakayebaki nyuma yako atayaelewa. Mimi nimeandika. Bado huamka nikiwa na hofu, lakini naamka, navaa viatu, naenda kazini.

Mungu awatunze.