Maisha ya Ruphin Kashindi, Kocha Aliyewatafutia Wenzake Siku ya Kuzaliwa

Wapendwa wafiwa, waamini wenzetu, majirani wa Umbilo, na ninyi wachezaji mliosimama huko nyuma na kofia kichwani, vueni kofia, hapa ni msibani, si uwanjani. Familia imenituma mimi Mireille, mdogo wa mjane, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na mjane mwenyewe, dada Agathe, ameagiza yasomwe yalivyo, bila kutiwa sukari, kwa sababu marehemu alimchosha sana na alimpenda sana, na yote mawili mliyaona.

Ndugu yetu Ruphin Kashindi alizaliwa Uvira, mtoto wa pili wa mzee Kashindi, lakini tarehe, eish, tarehe ilitutesa wiki nzima. Kwenye karatasi zake za ukimbizi iko 1 Januari 1970, na Agathe naye ni Januari mosi, na Léonard, kaka wa Ruphin, ni Januari mosi, na nusu yenu mlioketi hapa ni hivyo hivyo, maana ukifika dirishani bila cheti karani anakupa tarehe hiyo, unasema asante, unatoka. Agathe aliapa kwamba tarehe ya karani haitapanda kwenye msalaba wa mume wake, na fundi wa msalaba akawa anapiga simu kila asubuhi kuuliza sasa aandike nini.

Marehemu alisoma Uvira, akapata diploma ya sekondari mwaka 1992, akafundisha hesabu mpaka vita vilipofunga shule, na tarehe 14 Julai 2001 akafunga ndoa na Agathe, wakajaliwa Laurette, aliyezaliwa 19 Oktoba 2003, na Sikujua, aliyezaliwa hapa Durban 5 Mei 2010. Waliingia mji huu tarehe 22 Septemba 2008, wakapanga Umbilo, naye akapata kazi kwenye duka la simu Isipingo, kazi aliyoifanya kwa uaminifu siku zote isipokuwa Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa ya besiboli. Mwalimu Philip, Mkenya wa chuo kikuu, alianzisha timu kule Bluff mwaka 2010, mchezo ambao Agathe mpaka leo hauelewi, mtu anashika gongo, anarushiwa mpira, anakimbia kama mwizi, anarudi palepale alipotoka, watu wanapiga makofi. Ruphin akawa kocha mwaka 2011 na akaweka desturi yake, kwamba mchezaji aliyezaliwa wiki hiyo ndiye anayepiga wa kwanza, basi Jumamosi ya kwanza ya Januari 2012 karibu timu nzima ikadai kupiga wa kwanza, kila mmoja na karatasi yake. Mtu mwingine angefuta desturi yakaisha. Yeye aliketi na kila kijana akamhoji kama jaji, mama alikuambia nini, mahindi yalikuwa yameshavunwa, nani alikuwa amekufa, nani alikuwa anaoa, akapiga simu Bukavu, akapiga simu Bujumbura, kwa vocha za duka, mpaka bosi akanuna, na hakuacha mpaka kila mmoja akapata siku yake.

Wachezaji wameomba siku zao zitajwe mbele ya jeneza, na Agathe amekubali kwa shingo upande. Ndikumana, 27 Novemba 1989, aliyezaliwa siku ya harusi ya shangazi yake, mrushaji wetu bora mpaka bega lilipomshinda mwaka 2013. Pascal, 19 Oktoba 1991, mdakaji. Hardy, 14 Februari 1993, aliyepiga wa kwanza wiki yake mwaka 2014, akakosa mara zote, tukapoteza kombe, na hajaugusa mpira kwa gongo tangu hapo. Melvin, 8 Machi 1990, Mkenya, cheti anacho tangu siku aliyozaliwa, na bado alitaka ahojiwe kama wenzake.

Mtaona Pascal na Laurette wana siku moja, na mwaka 2013 marehemu aliinuka mezani kwa binti yake, akakata nusu ya keki, akampelekea Pascal. Agathe hakusema naye siku tatu. Mwanzoni mwa 2012 Agathe alimwuliza, na wewe je, siku yako iko wapi, naye alijibu kwamba mama yake Uvira anaijua, atamwuliza akipata nafasi, nafasi haikupatikana, na Agosti 2012 mama akafariki, na tangu hapo ukimwuliza anatoka nje. Mganga hajigangi.

Mwaka 2014 alishikwa na shinikizo la damu, likaingia kwenye figo, akaficha, akadai ni uchovu wa uwanjani, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 28 Machi 2015 Bwana alimwita.

Jumatano, fundi akiwa amepiga simu tena, Agathe alimkalisha yaya Léonard, yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, kwenye kiti na kumhoji vilevile, mvua, mavuno, misiba, na yaya akasema hakumbuki chochote, alikuwa mtoto wa darasa la kwanza mwaka huo wa 1972, anachokumbuka ni shati lake jeupe la Pasaka, alilovaa siku moja tu, kesho yake mkunga akamvua kwa nguvu akamviringisha nalo mtoto mchanga, ndiye Ruphin, na hajapata shati jingine kama lile. Pasta Dominiki akatafuta kalenda ya zamani kwenye simu, na Jumatatu ya Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 3 Aprili 1972. Agathe akashika kichwa akapiga kelele, jamani mwanaume huyu, amepiga simu mpaka Bujumbura, na kaka yake anakula naye kila Jumapili, na yaya akalia, akasema hakuniuliza, mimi hakuniuliza.

Leo ni tarehe 4. Jana, Ijumaa Kuu, watu wamefunga, Agathe alileta keki matangani, akaanza wimbo wa sikukuu ya kuzaliwa, na sisi tuliona aibu tukainamisha vichwa, akauimba peke yake mpaka mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Umbilo, wenzake wa duka la simu pamoja na bosi aliyesamehe vocha, Mwalimu Philip na timu yote. Msalaba umeshaandikwa.

Pumzika kwa amani, Ruphin, mzaliwa wa tarehe tatu Aprili.